Shati la Fundi Saa

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna doa lililomshinda isipokuwa mimi. Aliyasema hayo siku ya harusi yetu, kipaza sauti mkononi, mbele ya wageni waliokuja kula na kuondoka na furaha. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini, nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na mwenye suti alikuwa amekaa meza ya pili.

Kazini walimwita Mama Mashuka. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali, karibu na mabomba, joto la kumtoa mtu jasho hadi kwenye kope. Alikuwa akilitazama shuka mara moja tu na kukwambia: huyu amejifungua, huyu amepasuliwa, huyu ndugu zake wamempenyezea juisi daktari akiwa amegeuka. Walipomstaafisha walimpa cheti na saa ya ukutani. Hakuna siku aliyowahi kuingia nyumbani kwa mtu akaketi kabla ya kushika pazia na kulinusa. Hata msibani. Nimemwona kwa macho yangu akimpa pole mjane kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapima kitambaa cha meza.

Basi mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekuja kukaa kwangu wiki mbili, mke wangu alipopelekwa mafunzo mji mwingine na kuniachia mapacha wetu wa miaka sita. Mke wangu alinishika mabega akaniambia, "Jikaze kisabuni, baba. Wiki mbili si nyingi." Ni rahisi kusema ukiwa umeshapanda basi.

Niseme sasa kuhusu kazi yangu, maana balaa lote lilitokea huko. Mimi ni mtunza mavazi wa tamthilia ya televisheni. Tamthilia yenyewe inamhusu fundi saa mmoja mpole, mwenye kibanda chake na miwani yake, ambaye mahakama ikimwachia mtu mwovu, yeye hufunga kibanda mapema na kwenda kumuua. Kila sehemu mtu mmoja. Ameua hakimu mla rushwa, ameua mwenye kiwanda cha dawa za bandia, ameua mkandarasi aliyejenga shule kwa mchanga mtupu. Watazamaji wanampenda kuliko ndugu zao. Mwigizaji wake hawezi kununua nyanya kwa amani. Mama wa genge humnong'oneza kwamba kuna jamaa nyuma ya lile duka la rangi, kama atapata nafasi.

Mama mkwe hakujua lolote kati ya haya. Yeye hutazama taarifa ya habari na hali ya hewa, kisha huzima na kuchomoa waya ukutani. Na mimi, nikijua anavyonitazama, nilimwambia tangu mwanzo kwamba ni tamthilia ya kifamilia, watu wanaoana na kugombea shamba. Ulikuwa uongo mdogo wa mtu anayetaka kula chakula chake kwa utulivu. Alinijibu, "Kwa hiyo unalipwa kutundika nguo za watu wazima." Tukaishia hapo kwa miaka miwili.

Mwongozaji wetu ni mama mfupi asiyepiga kelele. Akikasirika ndipo anapozidi kuongea polepole, na siku akiongea polepole kabisa, mtu anarudi kwao. Mama huyu anachukia damu ya bandia. Anasema kwenye kamera inaonekana kama jemu. Kwa hiyo damu yetu ni ya ng'ombe, inatoka machinjioni kwenye kidumu, na mimi ndiye ninayeifuata. Tatizo la damu ya kweli ni kwamba inafanya mambo ya kweli: inakauka, inageuka rangi ya kahawia, inanuka, inaita nzi wa mtaa mzima. Na sisi hatupigi picha kwa mpangilio. Leo Fundi Saa anaua, baada ya siku nne Inspekta anayemwinda analitandaza lile shati mezani kwake, na doa lazima liwe lilelile, bichi vilevile, tone kwa tone, maana wapo watazamaji ambao kazi yao duniani ni kuhesabu matone na kuandika barua. Dawa yake niliigundua mwenyewe na nilijisifu nayo: unaliweka shati kwenye mfuko mweusi, unalifunga vizuri, unalitia kwenye friza.

Friza ya nyumbani kwangu, ndiyo. Ya kazini iliharibika.

Alhamisi Fundi Saa alimuua yule mwenye dawa za bandia sebuleni kwake. Nilirudi nyumbani nikiwa na damu kwenye kucha, nikalitia shati kwenye friza chini ya kuku, na picha sita za kumbukumbu nikaziweka kwenye droo ya soksi. Zilikuwa picha za karatasi, maana mwongozaji alipiga marufuku simu baada ya mtu kurusha mtandaoni kifo cha hakimu kabla ya siku yake. Nyuma ya kila picha nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri. Moja ilisema: Maiti, sebuleni, baada ya kazi. Nyingine: Mkono wa kushoto, usisahau.

Jumamosi niliwapeleka mapacha kununua viatu. Mama mkwe alibaki peke yake, na mama mkwe akibaki peke yake husafisha. Siku hiyo aliamua kuyeyusha barafu ya friza.

Mimi sikujua. Nilichoona ni kwamba tuliporudi, adui yangu alikuwa amebadilika. Alinivutia kiti. Alinipakulia wa kwanza, na mnofu niliopewa ulijaza sahani. Jumapili mapacha walipopiga kelele aliwaambia, "Nyamazeni, baba yenu ana mambo kichwani." Mara aniulize kama nimelala vizuri, kama sikuota chochote, kama hamu ya kula ipo. Mchana jirani alipita kuomba ngazi, na mama mkwe, bila mtu kumuuliza, akamwambia, "Huyu mkwe wangu Alhamisi alikuwa hapa kutwa. Alikuwa ananisaidia kukunja mashuka." Jirani akasema sawa. "Kutwa nzima," mama mkwe akarudia. "Hadi jioni. Ukumbuke." Jirani akachukua ngazi akaondoka akigeuka nyuma. Mimi, mjinga wa watu, nilidhani mama wa watu ameanza kunipenda. Nilifurahi hadi nikampigia mke wangu simu kumweleza. Akasema, "Muangalie kama ana homa."

Jumatatu asubuhi, baada ya mapacha kwenda shule, nilifungua friza. Kuku yupo. Samaki wapo, wamepangwa kwa ukubwa. Mfuko mweusi hakuna.

"Mama," nikamwita, "kulikuwa na mfuko mweusi humu."

"Mfuko gani?" Alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

"Mweusi. Chini ya kuku. Ulikuwa na shati."

"Nani anaweka shati kwenye friza?"

"Mimi, mama."

"Hapana. Hukuweka." Alisema taratibu, akinitazama usoni. "Mtu mwenye akili zake hawezi kuweka shati kwenye friza. Hata hakimu ukimwambia hivyo atacheka. Hakukuwa na shati."

Nikakimbilia droo ya soksi. Soksi zimeviringishwa mbili mbili, picha hakuna hata moja. Nyuma ya nyumba nikakuta majivu kwenye kopo la rangi, bado yana kona moja ya karatasi iliyobaki na neno lile: usisahau.

"Mama, lile shati ni la kazini! Ile damu ni ya ng'ombe!"

"Mimi sijaona damu wala ng'ombe."

"Ni ya televisheni, mama. Wanaigiza. Mtu anauawa kwa kuigiza, tunampaka damu, basi!"

Hapo alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwake, hata kwa wagonjwa. "Baba Mapacha," akasema, "hilo usilitumie. Ulishaniambia wanaoana na kugombea shamba, na pengine umewaambia wengine vilevile. Bora ushikilie ya ng'ombe. Hata ng'ombe si nzuri, lakini ni afadhali." Kisha akanisukumia chai. "Kunywa. Shati la kwenda kazini nimekuwekea kitandani, limepigwa pasi. Nenda kama kawaida, salimia watu kama kawaida."

Nilijua unga wangu umeshamwagika. Ile kazi ndiyo inayotulisha, na nilishaona watu wawili wakirudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hili. Nikavaa alichoniwekea bila kutazama, shati jeupe, lilinipwaya kidogo mabegani. Nikadhani nimekonda kwa mawazo.

Tunapigia picha kwenye ofisi ya zamani ya posta. Mafundi wetu wameigeuza kituo cha polisi: kaunta, mabango ya wahalifu, kibao kikubwa cha KITUO CHA POLISI juu ya mlango, na nje gari la polisi lililopakwa rangi na fundi wetu vizuri kiasi kwamba madereva mtaani hufunga mikanda wakiliona. Mwongozaji alikuwa amesimama kando ya meza ya Inspekta. Meza ilikuwa tupu, taa zote zimeielekea.

Nilimweleza yote. Shati, friza, mkwe, kopo la rangi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Shati. Liko. Wapi," akauliza, na kati ya neno na neno ningeweza kwenda kununua gazeti.

"Sijui, mama mwongozaji. Nadhani amelitupa."

"Na picha tulizopiga Alhamisi ziko kwa mhariri, mji mwingine. Hapa hatuna chochote. Saa sita kamili, shati lile, na damu ileile, liwe juu ya meza hii. Lisipokuwepo, niachie funguo za chumba cha mavazi."

Ndipo Fundi Saa mwenyewe, aliyekuwa akinywa chai pembeni na kitambaa shingoni, akanyoosha kidole. "Samahani. Hilo alilovaa ni langu."

Wakanigeuza kola. Mavazi yote ya kazi nimeyatia uzi mwekundu kwa ndani, kwa mkono wangu mwenyewe, na uzi mwekundu ulikuwepo. Nilikuwa nimekuja kazini nimevaa ushahidi. Mpambaji wetu, dada anayepaka watu majeraha, alilivua mwilini mwangu akalipeleka dirishani, akaligeuza mbele, nyuma, mishono, vifungo. Halikuwa na hata kivuli. "Huyu mama ni nani?" akauliza kwa sauti ya mtu aliye ibadani. "Damu ya ng'ombe, siku mbili kwenye barafu, na ametoa hadi kwenye mshono?"

"Aliyeitoa anajua ilipokuwa," mwongozaji akasema. "Mleteni."

Nikasema nitamfuata mimi. Akasema wewe hutoki hapa. Nikapiga simu ya mama mkwe, imezimwa, huizima ili chaji isiishe. Gari lililokuwa na mafuta lilikuwa moja tu, la polisi, na dereva wake huigiza koplo, yupo ndani ya sare tangu alfajiri. Nilimkimbilia hadi dirishani nikamwambia tafadhali, vua hata kofia. Akaniambia kofia imebanwa kwa pini, mpambaji atamuua.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia dereva baadaye. Alibisha hodi, mama mkwe akafungua. Dereva akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Unahitajika kituoni, ni kuhusu lile shati." Hilo neno kituoni lilimtoka tu, ndivyo tunavyopaita sote. Mama mkwe akamtazama, akalitazama gari, akasema, "Marahaba. Ngoja nichukue mswaki." Alitoka na mfuko mdogo: mswaki, taulo, vidonge vyake vya presha, mche wa sabuni. Akafunga mlango, akampa jirani ufunguo na kumwambia mapacha hutoka shule saa saba, yule mdogo hapendi maganda kwenye maharage. Akapanda nyuma, akafunga mkanda. Njia nzima hakusema neno, isipokuwa mara moja alimwambia dereva kwamba kiti chake kina doa la chai, atumie maji baridi.

Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha mavazi, nimepekua masanduku yote nikitafuta shati jingine la kufanana, la akiba tukikosea kupaka, huku nimevaa koti la marehemu hakimu juu ya kifua kitupu. Nikasikia sauti yake upande wa kaunta. Nikatoka mbio.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Inspekta. Sasa huyu Inspekta wetu ni mwigizaji wa aina yake. Akishavaa koti haliachi. Hata kwenye foleni ya chakula hutuuliza tulikuwa wapi jana saa mbili. Alipomwona mama wa heshima mwenye mfuko, alidhani ni mtu wa zoezi aliyeletwa kumpasha moto kabla ya kazi. Akavuta daftari.

"Jina na umri tutaandika baadaye," mama mkwe akasema. "Andika kwanza hili. Yule mtu nimemuua mimi."

Mafundi wa taa wakaacha walichokuwa wakifanya. Mpambaji akabaki na brashi hewani.

"Mtu gani?" Inspekta akauliza, macho yamemng'aa.

"Yule mliyemkuta."

"Jina lake?"

"Hakuniambia."

"Ulimuua kwa silaha gani?"

Alifikiri kidogo. "Pasi."

"Ya umeme?"

"Ya mkaa. Nzito."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Alinijibu vibaya."

Inspekta aliandika kila neno. "Na mwili ulikuwa wapi?"

"Hilo kazi yenu kulijua, ndicho mnacholipwa. Mimi nimekwambia nimeua, shati lilikuwa langu, nikalifua mwenyewe. Nionyeshe pa kuweka sahihi."

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, acha!"

Aligeuka. Aliponiona nimesimama pale, koti la mtu mwingine, kifua wazi, nywele zimesimama, alidhani wameshanipiga. Uso wake ulikunjamana. Akaweka mfuko wake juu ya meza kwa kishindo.

"Huyu mwachieni!" akamwambia Inspekta. "Huyu hajui chochote. Tangu lini huyu akaua? Huyu akikanyaga sisimizi anaomba radhi. Ni baba wa watoto wawili wadogo, na mama yao hayupo. Mwachieni aende akawapokee shule. Nimekwambia ni mimi!"

Akachukua kalamu mkononi mwa Inspekta akatia sahihi. Sahihi ndefu, ya mtu aliyesaini vitabu vya mashuka kwa miaka thelathini na moja.

Mpambaji alikuwa analia waziwazi, na Fundi Saa, ambaye kufikia siku hiyo alikuwa ameua watu kumi na wanne, alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa chake cha shingoni. Miaka tisa nilikaa meza moja na mwanamke huyu nikihesabu kejeli zake, na hata siku moja sikuwa nimewaza kwamba angenibebea hata mzigo wa sokoni.

Mwongozaji ndiye aliyemsogelea. Akamshika mkono, akamweleza taratibu, lakini safari hii taratibu ya upole: hapa si kituo, yule si polisi, hakuna aliyekufa, damu ni ya ng'ombe. Mama mkwe alisikiliza. Akaenda hadi ukutani, akaugonga kwa ngumi, ukuta ukatikisika na bango la mhalifu likaanguka. Akamrudia Inspekta.

"Kwa hiyo wewe si polisi."

"Hapana, mama," Inspekta akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kumsikia akikiri.

"Nirudishie karatasi yangu."

Akairudisha. Akaichana vipande vinne, akavitia kwenye mfuko pamoja na mswaki. Kisha akanigeukia. "Kuoana na kugombea shamba," akasema.

"Nilidanganya, mama. Nisamehe."

"Ya ng'ombe," akaendelea, kama anayejisemea. "Nilisema mimi, hii damu nzito. Nikadhani marehemu alikuwa mnene." Alitazama saa. "Sasa mnanitakia nini?"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mwongozaji akamwambia ukweli wote: shati lenye madoa yaleyale kabla ya saa sita, vinginevyo mkwe wako hana kazi. Mama mkwe akavuta kiti akaketi. Akafumba macho, akaanza kufikicha hewa kwa vidole, kidogo kidogo, kama vile shati lipo magotini kwake.

"Kola, upande wa kulia, doa la ukubwa wa kifungo. Hili lilinisumbua. Mfukoni, damu ilianzia juu ikashuka, ikaishia kwenye mshono, haikuvuka. Tumboni palifutwa na vidole, vitatu, cha nne kiligusa tu. Mkono wa kushoto matone tisa."

Mpambaji alipiga magoti na kidumu cha damu, akawa anapaka lile shati jeupe kama anavyoambiwa. Mwongozaji alimpigia mhariri, mhariri huko aliko akawa anatazama kwenye kioo chake na kuthibitisha. Kola, sawa. Mfuko, sawa. Vidole, sawa, hata kile cha nne. Kwenye mkono wa kushoto mhariri akasema matone ni manane.

"Mwambie avae miwani," mama mkwe akajibu, macho bado kayafumba. "La tisa liko nyuma ya kiwiko."

Tukasikia simuni: tisa.

Alipofumbua macho na kuliona shati lile, jeupe alilolihangaikia Jumamosi nzima, limerudi kuwa uchafu, aliguna kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Akaomba asubiri nje. Saa sita kasoro dakika tano Inspekta alilitandaza shati mezani, kamera ikazunguka, mwongozaji akasema imekubalika. Funguo za chumba cha mavazi zikabaki mfukoni mwangu. Au tuseme mfukoni mwa marehemu hakimu.

Tulipewa lile gari litupeleke nyumbani tuwahi mapacha. Tulikaa nyuma, mimi na yeye, mfuko wake katikati. Barabarani magari yalitupisha.

"Mama," nikasema, "kweli uliamini nimeua mtu?"

"Shati la damu limefichwa chini ya kuku. Picha za maiti kwenye soksi. Kucha nyekundu. Ulitaka niamini nini, kwamba unakwenda kulima?"

"Na hukutaka kujua nimemuua nani?"

"Nilitaka. Nilikaa na lile shati saa nne nzima nikilifikicha na kuwaza. Nikasema, kwa huyu ninayemjua mimi kufika mahali pa kuua, basi huyo marehemu alikuwa mshenzi wa kupindukia."

Nikamwambia hivyo ndivyo watazamaji wetu wanavyosema kila wiki juu ya Fundi Saa, kwamba anaowaua walistahili.

"Hao ni wajinga," akasema. "Kuua ni kosa hata kama mtu ni mshenzi. Kosa likishafanyika, lazima mtu afungwe. Ila si lazima awe wewe. Wewe una watoto wa kulea, mimi nimeshalea. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa bado sijamaliza kola."

Alisema hivyo akitazama nje dirishani, kama anayetaja bei ya vitunguu. Mimi nikashindwa. Nililia pale pale, kwa sauti, mtu mzima, koti la hakimu limelowa kifuani. Tukasimama kwenye taa nyekundu. Wanawake wawili kandoni mwa barabara wakainama kutuchungulia, na mwanamume mmoja akavua kofia yake kichwani akaishika kifuani.

Mama mkwe akatoa taulo kwenye mfuko wake, lile alilolichukua kwenda nalo jela, akanipa.

"Futa uso, Baba Mapacha," akasema. "Tumo kwenye gari la polisi. Watu watadhani kweli umeua."